Trekta Lenye Kiti

9 Mei

Mdogo wangu,

"Trekta kubwa hufanya kazi zote za trekta dogo, lakini dogo haliwezi za kubwa, kwa hiyo mwenye akili hununua kubwa." Hayo ndiyo uliyoniandikia, kwa mwandiko wako ulionyooka kama wa karani. Nimeyasoma kwa sauti hapa karakana mbele ya mafundi wangu wanne, nikauliza nani ana jibu. Mmoja akasema, "Bosi, sufuria la harusi nalo huchemsha chai ya mtu mmoja, lakini nani atalisugua?" Huyo nimempa nusu siku ya mapumziko.

Salamu kwanza, nisije nikaonekana nimelelewa na nyani. Huku hatujambo. Binti yangu amepata kazi ya kupima viwanja, anatoka kabla sijanywa chai, na nyumba imekuwa kubwa kwa ghafla. Chumba cha mama nimekipaka rangi hatimaye. Kitanda nimekiacha palepale dirishani. Wewe na wifi mnaendeleaje? Barua yako ilikuwa na kurasa mbili za trekta na nusu mstari wa mke.

Haya, sasa tugombane.

Trekta la nguvu za farasi sabini lina uzito wa karibu tani tatu. Ukiliingiza kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, linaushindilia mpaka mizizi inakuta sakafu. Kwenye tuta jembamba haligeuki. Au litageuka mara moja tu, likielekea bondeni na wewe juu yake. Na siku zote ambazo hulimi litakaa chini ya bati, unaliwasha kila wiki ili betri isife, kama mgeni anayesubiri kuamshwa ale. Nimewaona wengi. Wananunua trekta kwa kifua. Trekta hununuliwa kwa futi kamba.

Kwa hiyo nijibu. Unalima ekari ngapi kweli, si zile za kwenye hati? Udongo ukoje? Mteremko ukoje? Tuta jembamba kuliko yote lina upana gani, na lango je? Zaidi ya kulima, trekta litafanya kazi gani mwaka mzima? Na litalala wapi? Nilizaliwa hapo, najua, lakini nimeondoka miaka thelathini, na ardhi hubadilika kama watu. Hayo maswali saba niliyaandika mimi, yamebandikwa ukutani juu ya meza yangu, na kila anayeingia hapa huyajibu kabla sijamwonyesha hata gurudumu. Hajatokea aliyeyajibu yote kwa ukweli akaondoka na trekta lisilomfaa.

Jibu kwa barua. Simu katika familia hii ni ya misiba, na mtandao wa huko kwenu hukatika katikati ya hoja.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na moto, nimeishika kwa ncha. Sisi hatujambo kiasi. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, na paa la jiko tumelibadilisha. Wifi yako anakusalimu. Amesimama nyuma yangu hapa, anasema niandike jambo fulani, nami nimemwambia karatasi ni ndogo. Anasema mdogo ni mimi. Tuendelee.

Ekari ni nane. Mwaka jana nililima tano tu kwa watu wa kukodi, tatu za juu zikalala. Zikilala tena mwaka huu sioni jinsi nitakavyozifufua, na mimi, dada, kazi nyingine siijui. Sijui hata mtu asiyelima huamka saa ngapi. Udongo ni mfinyanzi mwekundu, ukinyesha unang'ang'ania jembe kama mtoto mwenye homa. Mlima ni mkali lakini matuta ni ya ngazi, juu yake pamelala sawasawa kama meza. Jembamba kuliko yote lina mita tatu na nusu. Lango ni lile la mawe alilojenga baba, mita mbili kasoro kiganja. Zaidi ya kulima kuna majani ya ng'ombe, kuna maji ya kuvuta, na kuna maziwa ya kupeleka barabarani kila asubuhi, kilomita moja na nusu, ambayo sasa naienda kwa miguu. Litalala kwenye banda la zamani la mbuzi. Urefu linatosha, nimepima.

Sabini nimeiacha. Umeshinda, na lango liko upande wako. Niliitaja kwa sababu nililiona la jirani wa bondeni, na dereva wake anashinda amekaa tangu asubuhi hadi jioni. Sasa nimeona jingine kwenye picha: farasi ishirini na tano, magurudumu manne, upana mita moja na robo, lina kiti. Hilo je?

Maswali yako saba nimeyajibu yote. Nilingoja la nane, sikuliona.

Halafu nina swali ambalo si la trekta. Ile sukari ya mama ilianzaje? Siulizi mwisho. Nauliza mwanzo, aliona nini kwanza?

Mdogo wako

13 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera ya ndama. Binti yangu anauliza amepewa jina gani. Karakana imejaa, msimu unakaribia na kila mtu amekumbuka leo kwamba trekta lake halikuwaka tangu mwaka jana.

Umejibu vizuri, na majibu yako yananipa mimi ushahidi. Ekari nane, matuta ya mita tatu na nusu, lango la mita mbili: huyo ni mtu wa pawatila. Trekta la magurudumu mawili, unashika mikono yake miwili, unalifuata kwa miguu. Farasi kumi na tano. Linageuka mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili. Halishindilii udongo. Likikwama, watu watatu wanalinyanyua. Unalifunga plau, unalifunga tela, unalifunga pampu, kazi zako zote nne zimekwisha.

Sasa wewe unaniletea kiti! Hilo la ishirini na tano ni mtoto wa kambo: zito kuliko pawatila, dhaifu kuliko trekta, na jembamba hivyo kwenye mlima mkali linapinduka kama kikombe kwenye sinia. Na kwa faida gani? Ukae? Ndugu yangu, mtu anayetaka kukaa anunue kochi. Babu yetu alilima kwa jembe la mkono, baba alifuata maksai, wewe unataka ardhi ije kukusalimia umekaa. Hayo ndiyo maradhi ya wakulima wa leo: wanatafuta kiti kabla ya kutafuta mavuno.

Sentensi hiyo ya mwisho imenipendeza mno, nimeitia kwenye ukurasa wangu wa jarida la wakulima pamoja na hoja yote, sabini yako, kiti chako na kochi. Imekwisha kwenda mtamboni. Jina lako sikuliandika.

Kuhusu mama, usiniulize. Miaka sita nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Katika miaka sita ulikuja mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumekwisha mzika. Aliyetaka kujua mwanzo angekuwapo mwanzo.

Wifi msalimie sana.

Dada yako

20 Julai

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Ndama anaitwa Jarida, utaelewa kwa nini.

Jarida lako lilifika kituo cha maziwa siku ya Jumanne. Mimi nilifika Jumatano, sina habari. Yule mpimaji wa maziwa, mwenye sauti kama tarumbeta, akanisimamisha mbele ya foleni: "Farasi Sabini! Leo umekuja na wangapi?"

Sikuelewa, lakini mdomo wangu huwa haungoji. Nikamwambia, "Wote wamechoka. Nimemleta punda, huyu hapa ananiuliza swali."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha mmoja akatoa jarida mfukoni akasoma, na alipofika kwenye kochi walicheka mpaka debe la mtu likamwagika. Akavuta kigoda chake akaniwekea: "Kaa, mzee, ardhi inakuja kukusalimia." Tangu siku hiyo kile kigoda hunisubiri kila asubuhi. Kicheko changu kilikwisha siku ileile. Chao kinaendelea.

Kweli jina hukuliandika. Uliandika "mkulima mmoja wa damu yangu, mwenye lango la mawe." Dada, huku lango la mawe ni moja.

Basi. Fundi ni wewe, nami sitaki kubishana na mtu niliyemkosea. Kuhusu mama umesema kweli. Nitanunua pawatila. Naomba tu ujue kwamba kiti sikukitaka kwa fahari.

[Hapa mistari mitatu imekatwa kwa wino.]

Niambie ni ipi, na nianze lini.

Mdogo wako

1 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kigoda. Niliposoma nilicheka, kisha sikucheka. Mwambie huyo tarumbeta kwamba mwenye ukurasa ni mimi na nafasi ya mwezi ujao bado iko wazi.

Umekata mistari mitatu mpaka karatasi imetoboka. Nimeiweka kwenye taa ya karakana, nikaigeuza upande wa nyuma, sikuona kitu. Ulikuwa unanitukana? Ungeacha tu. Mimi hutukanwa kila mwezi na watu wasionijua. Ningefurahi kutukanwa na wa kwetu.

Pawatila nimekuchagulia mwenyewe, nikaiwasha, nikaisikiliza kama daktari. Farasi kumi na tano, injini ya dizeli, plau yake ina upana wa sentimita thelathini. Nimekuwekea magurudumu ya chuma kwa ajili ya ule mfinyanzi. Mwezi wa kwanza kaza nati za mikono kila asubuhi kabla ya kuwasha, maana hutikisika na kulegea. Beba mbili za akiba mfukoni. Usiishike kama adui. Ishike kama mkono wa mzee anayevuka barabara: yeye ndiye anayejua mwendo wake, wewe mfuate. Anza mwisho wa mwezi huu, ekari moja kwa siku mbili, na katikati ya Novemba mvua itakukuta umemaliza zamani.

Mwanangu anauliza kama Jarida ana madoa.

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Jarida ana doa moja, kwenye paji la uso. Wifi yako hajambo, ila amenuna. Tangu pawatila iingie hasemi nami asubuhi, anasema jioni tu.

Mashine ni nzuri. Sitakudanganya, ni nzuri. Inapita langoni kama mwenyeji. Inageuka penye ncha ya tuta bila kugusa ukingo. Udongo unafunguka nyuma yake kama kitabu. Watu wamekuja kuiona, na hata tarumbeta alisema, "Farasi Sabini, hawa kumi na tano wanatosha."

Nimefanya hesabu moja nikiwa nimepumzika juu ya jiwe. Plau ina sentimita thelathini. Ekari ina mita za mraba elfu nne na arobaini na saba. Mtu akiilima yote anakuwa ametembea kilomita kumi na tatu na nusu. Kwa ekari nane ni kilomita mia moja na nane. Nimeirudia mara mbili, ni hiyohiyo. Sikulaumu, ni hesabu tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzidisha, kwa fimbo ya mtama.

Nimemaliza ekari moja kwa siku nne. Juzi nilirudi nyumbani na kiatu kimoja. Wifi yako akauliza, "Kingine kiko wapi?" Nikaangalia chini, kweli, hakipo. Kilikuwa kimezama kwenye tope la tuta la pili na mimi nimekuja zangu. Tulicheka sana. Wifi yako hakucheka sana.

Sasa navaa mabuti ya mpira, hayo hayavuki.

Mdogo wako

8 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tangu utoto wewe ni mtu wa kusahau vitu mwilini mwako: kofia, shati, mara moja suruali, na shahidi yuko. Sasa kiatu. Nikisikia umesahau kichwa sitashangaa, kitakuwa kinapumzika kwenye kochi.

Siku nne kwa ekari ni nyingi. Unaongopa au unazubaa? Siku mbili nilizokuambia ni za mtu mvivu. Ongeza mwendo, mvua haimsubiri mtu.

Nimefurahi, lakini. Niliposoma kwamba udongo unafunguka kama kitabu, nilitoka nje nikasimama kidogo. Baba angependa kuona.

Dada yako

29 Septemba

Mdogo wangu,

Wiki tatu kimya. Umenuna kwa lile la kichwa? Basi nalifuta. Niambie mmefika tuta la ngapi.

Dada yako

17 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nimeweka karatasi juu ya trei ya chakula, hospitali ya wilaya, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Wifi yako alitaka kukupigia simu tangu siku ya kwanza. Nilimkataza, kwa sababu ungeiona inaita ungejua ni msiba, na mimi nilikuwa bado hai.

Nilifuata maagizo yako. Kila asubuhi nilikaza nati za mikono. Siku niliyoanza ekari ya tatu moja ilinichomoka vidoleni, nikaitafuta kwenye nyasi nikaikosa, nikafunga ya akiba. Ilikuwa imeingia kwenye buti la kushoto. Nilitembea juu yake siku hiyo nzima, na ya pili, na ya tatu, mpaka ekari ikaisha. Sikuisikia. Jioni ya siku ya tatu wifi yako aliona soksi imeloa, akavua, akaikuta nati imezama kwenye nyama ya unyayo kama ilivyozama kwenye chuma. Akapiga kelele yeye. Mimi nilikuwa natazama tu, kama ni mguu wa mtu mwingine.

Nikafunga kitambaa nikakificha kidonda siku tisa. Nilitaka kipoe, nianze ya nne. Harufu ndiyo iliyonisema.

Wamekata chini ya goti. Ni wa kushoto, dada, wa kukanyagia klachi. Hata ningepewa leo lile trekta lenye kiti, nisingeweza kuliendesha.

Miguu yangu ina mwaka wa pili haisikii. Ilianza kama nimevaa soksi nene na sikuvaa. Mganga wa zahanati alipima akasema sukari, akasema nisitembee mwendo mrefu, nikague nyayo kila jioni. Ndiyo maana zile ekari tatu zililala. Ndiyo ile mistari mitatu niliyokata. Ndilo jambo ambalo wifi yako alitaka niandike na karatasi ikawa ndogo.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilianza kukuuliza mwanzo wa mama ili nione kama ni huu huu, ukaniambia ukweli ambao nilistahili. Wewe ulimuuguza peke yako miaka sita. Ningekuambia nina ugonjwa wake, ungefunga karakana ukaja na mkeka wako. Nakujua. Nami ningelala hapo nikiuguzwa na mtu niliyemwachia mama. Hapana, dada. Heri nitembee.

Maswali yako saba nilijibu kwa ukweli, usije ukasema nilikudanganya. Ekari tatu zimelimwa. Tano bado. Sijui nani atazilima, nami nimechoka kuzipigia hesabu.

Mdogo wako

25 Oktoba

Mdogo wangu,

Leo sisemi marahaba. Leo shikamoo naitoa mimi.

Nakujibu swali lako la mwezi wa sita. Kwa mama ilianza kwenye nyayo. Alisema sakafu imetandikwa pamba. Alimwaga chai ya moto mguuni akaendelea kuongea, na mimi ndiye niliyepiga kelele. Macho yalikuja baadaye sana, ndiyo yanayokumbukwa na watu, lakini mwanzo ni nyayo. Ningekuandikia mistari hii miwili mwezi wa sita, ungeijibu kwa mstari mmoja, na leo ungekuwa na miguu miwili. Nilikunyima kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka uionje. Umeionja.

Liko la pili, na hili ni la kazi yangu. Hilo trekta la ishirini na tano ndilo lililokufaa. Nilijua. Uliniandikia kwamba juu ya matuta pamelala sawasawa kama meza. Kwenye meza kitu hakipinduki. Upana wa mita moja na robo unapita langoni na nafasi inabaki ya mtu kusimama pembeni. Fundi wa mwaka wa kwanza angeona. Niliandika kuhusu kikombe kwenye sinia kwa sababu sentensi ilikuwa tamu, na baada yake ikaja ya kochi, tamu zaidi, na mimi nikishaonja utamu wa namna hiyo sirudi nyuma kuangalia kama ni kweli. Watu wananisoma kwa hilo. Nililipia utamu wangu kwa mguu wako.

Ukaniambia sabini kwa sababu dereva wake anashinda amekaa. Ukaniambia maziwa unayapeleka kwa miguu. Ukaniambia hesabu ya kilomita, ukaniambia kiatu. Uliniambia kila barua. Mimi nilikuwa napima lango.

Klachi inaweza kuhamishiwa mkononi. Ni fimbo ya chuma, pini mbili na springi. Nimekwisha ichora, na trekta la ishirini na tano liko hapa uani linangoja. Kazi ya siku moja, mdogo wangu. Siku moja tu. Nimekaa naitazama hiyo michoro.

Nakuja Ijumaa. Mkeka nauleta, utake usitake. Kuachiwa mama hakukunipa haki ya kukuacha wewe.

Chini hapa ni maneno nitakayopeleka kwenye jarida. Safari hii unasoma kabla yao. Ukikubali Ijumaa, Jumamosi nitayabandika kituo cha maziwa, kwa sababu jarida halitaiwahi mvua; ukisema nisiyatoe, nitayachana.

Dada yako

"Mwezi wa sita niliandika kwenye ukurasa huu kwamba mkulima mmoja wa damu yangu anatafuta kiti kabla ya kutafuta mavuno. Niliandika uongo. Mkulima huyo ni mdogo wangu. Alitaka kiti kwa sababu nyayo zake zimekufa ganzi kwa sukari, naye aliona haya kusema. Nilimshinda kwa hoja, akanunua mashine niliyomchagulia, akaifuata kwa miguu kilomita arobaini, na sasa ana mguu mmoja. Wanaotaka kunitetea kwamba sikujua, wanyamaze. Sikuuliza.

Mafundi wenzangu na ninyi mnaouza matrekta: mnayo maswali kama yangu, mengine mliyaiga kwangu. Kabla ya ekari, kabla ya udongo na lango, msimamisheni mteja, mwambieni avue viatu na atembee mbele yenu hatua ishirini. Mtazameni anavyokanyaga. Mwulizeni usiku analala saa ngapi, mgongo unasemaje, macho yanaona mpaka wapi. Akikasirika, akasirike. Atakayewauzia watu mashine ya kufuata kwa miguu bila kutazama miguu, nitamtaja kwenye ukurasa huu kwa jina, na ninyi mnanijua.

Na ninyi wa kituo cha maziwa, mliosoma maneno yangu kwa sauti na kumwekea mdogo wangu kigoda kila asubuhi: siwalaumu kwa kucheka, kicheko niliwapa mimi. Nataka kitu kingine kwenu. Ekari tano hazijalimwa na mvua imebakiza wiki tatu. Pawatila iko kwenye banda la mbuzi, ufunguo anao mke wake. Foleni yenu, nimeambiwa, haikosi watu ishirini. Kila mmoja robo ekari, ni kilomita tatu na ushei kwa mtu. Mimi mwenyewe nitakuwa nimekwisha anza tuta la chini, na mpimaji wa maziwa nimemwekea la juu kabisa. Nawataka Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa moja asubuhi, langoni. Njooni na miguu yenu."